Herufi Isiyoandikwa

Alinunuliwa kwa deni na stakabadhi ikapotea,
ndiyo maana anaitwa Risiti.
Farasi wa kahawia, sikio la kushoto lina pengo,
mla maganda ya bogoya.
Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha sukari.
Okwakol aliponitajia jina hilo nilicheka
hata nikasahau kuuliza bei ya somo.

Miaka thelathini na tisa nilikuwa nayo.
Jinja nzima ilisema: Mama Babirye
amekosa pa kuweka pesa.

Uwanja wetu uko juu ya mto, njia ya Budondo,
mstatili wa mchanga, matairi nusu pembeni,
na herufi zimepakwa rangi kwenye madebe ya samli:
A, K, E, H, C,
herufi zisizojua foleni.
Katikati ipo X. Hiyo haikuandikwa popote.
Unaiendea kwa imani, unasimama, unainamisha kichwa,
na farasi akitulia sawasawa juu ya miguu minne
unajua umefika.

Miaka sita nilijifunza kusema kwa kiuno.
Telki, matiti, shoti,
kisha kurudi telki pasipo kuvuta hatamu,
kwa pumzi tu,
kama mtu anayeshusha sauti mtoto akisinzia.

Halafu Jumatano moja, lori la miwa,
tairi likapasuka barabarani.
Risiti akaenda kulia.
Mimi nikabaki palepale nilipokuwa,
ila chini yangu hapakuwa na mtu.

Mulago walinipa kibati nyongani na misumari sita.
Niliihesabu kwenye picha, nikairudia.
Kazi haimwachi mtu.

Aliyeumwa na nyoka, walinikumbusha, akiona unyasi hushtuka.
Mimi nikiona unyasi
nauliza nani ana mundu,
maana yuko anayeula.

Dada yangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akamenya chungwa:
"Angekuwa mwanamume
tungesema amekulisha limbwata."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami siinami tena.
Kwato anainyanyua mwenyewe, anainiletea hadi gotini.
Okwakol anaapa hakumfundisha.
Sijui. Okwakol naye ana huruma nyingi.

Mwaka wa kwanza sikupanda.
Nilisimama pale X na gongo langu, kamba ndefu mkononi,
naye akanizunguka, duara baada ya duara,
sikio lenye pengo likinielekea
kana kwamba nilikuwa bado mgongoni.
Gongo likachimba kishimo mchangani.
Kila mvua ikakifukia.
Kila Jumamosi nikakichimba upya.

Mwaka wa tatu Okwakol alijenga ngazi ya matofali.
Napanda kwa upande wa kulia, upande usio wa desturi,
mguu ukiburuzwa juu ya tandiko kama gunia.
Risiti hupumua, husubiri.
Naye amezeeka; asubuhi za baridi
tunachechemea wote wawili hadi getini,
na anayetutazama asingejua nani anamwongoza nani.

Shoti siidai.
Nimeifuta vitabuni, kama tunavyofuta
deni la mtu aliyehama mji.
Tunakwenda polepole, mstari ulionyoka,
na mstari ulionyoka, nawaambieni,
ni kazi ya umri mzima.

Ila juzi, kwenye kona baada ya C,
harufu ya molasi ikipanda kutoka kiwandani,
nilishusha pumzi nikifikiria karo ya Babirye, sikufikiria farasi,
naye akadhani nimeomba.
Akatoa matiti.

Hatua tatu.
Misumari yote sita iliitika.
Nikapiga ukelele, si wa maumivu, au si wa maumivu peke yake,
na Okwakol akageuka haraka
kufunga geti ambalo lilikuwa limefungwa.

Hatua tatu.
Sikuziandika popote.